Orodha ya malengo ya maisha: kwa nini ya mmoja humsukuma na ya mwenzake hulala kabatini

Januari ikiingia, na tena Ramadhani ikikaribia, simu za watu wa Mombasa hujaa orodha. Huyu kaweka kwenye status mambo kumi atakayoyafanya kabla hajatimiza miaka arobaini. Yule katuma kwenye kundi la ukoo sauti ya mhamasishaji anayeapa kwamba mwenye kuandika malengo hupata, na asiyeandika ataishia kumtumikia aliyeandika. Iguse mada hiyo barazani, kahawa haijapoa watu wameshagawanyika. Wapo wanaosema daftari ndilo lililowajengea nyumba. Wapo wanaocheka kwamba wameandika tangu 2015 na ploti ya Mtwapa mpaka leo wanaiona kupitia dirisha la matatu. Na wapo wazee wanaoona kuandika kwenyewe ni kumpangia Mungu.

Ubishi huu hauishi kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake. Basi tuanze kwa kutenganisha maneno. Ndoto ni picha ya mahali unapotamani ufike: nyumba yako, Hija, mtoto kasoma mpaka chuo kikuu. Lengo ni ndoto iliyopewa mipaka, yaani mtu mwingine akiitazama anaweza kusema limetimia au halijatimia. Hatua ni kitendo kimoja kinachoweza kufanyika ndani ya siku au wiki. Motisha ni ile nguvu inayokufanya uanze jambo na, ambalo ni gumu zaidi, uliendeleze pale hamu inapokwisha. Orodha ya malengo ya muda mrefu, kwa hiyo, ni mkusanyiko wa mambo yanayohitaji mwaka, miaka kumi au umri mzima. Haifanani na karatasi ya kazi za leo, wala haifanani na ule ubao wa picha za magari na majumba ambao siku hizi watu huubandika ukutani.

Sasa swali lenyewe: orodha kama hiyo huleta motisha? Jibu langu ni kwamba yenyewe haileti. Inafanya kazi kama daftari la madeni la duka la mtaani. Ingia duka lolote Majengo au Kisauni, chini ya meza utalikuta: kurasa zimekunjamana pembeni, kalamu imefungwa kwa uzi, na ndani mmeandikwa kwamba mama wa nyumba ya pili kachukua unga kilo mbili na mafuta ya kupima, mia tatu na kumi, tarehe 4, atalipa mwisho wa mwezi. Daftari halijawahi kutoka kwenda kugonga mlango wa mtu. Kazi yake ni kumwonyesha mwenye duka nani anadaiwa, kiasi gani na lini aulize. Lisipofunguliwa, madeni yamelala. Likifunguliwa kisha likakutwa na mstari usemao "jirani, vitu kidogo, atalipa", hilo nalo ni deni lililokwisha kupotea, maana hakuna cha kumdai mtu hapo.

Fungua sasa orodha za malengo tunazoandika. "Kuwa na maisha mazuri." "Kumjua Mungu zaidi." "Kuanzisha biashara." Ni jirani na vitu kidogo, mstari kwa mstari.

Lengo lenye kiasi

Kwamba lengo linalopimika hushinda lengo la jumla si maneno ya wahamasishaji tu. Mwanasaikolojia wa Marekani Edwin Locke aliandika juu yake mwaka 1968, kisha yeye na mwenzake Gary Latham wakalifuatilia kwa miongo mingi. Walichokiona mara kwa mara ni kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu kiasi hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa "jitahidi uwezavyo". Kujitahidi uwezavyo hakuna mwisho wala mwanzo. Ukichoka unajiambia umejitahidi, na hakuna wa kukupinga.

Mfano maarufu ni wa malori ya magogo huko Oklahoma, uliochapishwa mwaka 1975. Madereva walikuwa wakipakia kama asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria. Hawakuongezewa mshahara. Waliambiwa tu lengo ni asilimia 94, na vipimo vikawekwa wazi. Baada ya miezi michache malori yalikuwa yakibeba zaidi ya asilimia 90. (Kwetu, penye mizani ya Mariakani, shida ya malori huwa ni ya upande wa pili, ya kuzidisha mzigo, lakini funzo ni lilelile: namba iliyo wazi hubadilisha mwendo wa mtu.)

Hapa wahamasishaji huishia. Watafiti wenyewe waliendelea na kuweka masharti. Lengo gumu husaidia pale mtu analikubali kwa moyo, anao uwezo wa kulifanya, na anaona matokeo njiani. Tena, kwa jambo ambalo mtu bado hajalijua, lengo la matokeo linaweza kumvuruga. Kijana anayeanza kuuza leso kwa njia ya mtandao akijiwekea lengo la kuuza za shilingi laki mbili kwa mwezi, atakurupuka, kesho bei hii, keshokutwa picha zile, na hatajua kilichomletea mteja ni kipi. Afadhali mwezi wa kwanza lengo liwe kugundua njia tano za kupata wateja na kuona ipi inafanya kazi. Namba ya mauzo itakuja baadaye.

Tatizo la umbali

Hebu tufikirie dereva wa tuktuk ambaye chombo si chake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, anabaki na kilichobaki. Kwenye daftari lake kaandika: "Kumiliki tuktuk yangu kufikia 2030." Lengo ni zuri, lina kitu na lina mwaka. Lakini Jumanne ya mvua, abiria hakuna, mafuta yamepanda, hilo 2030 halimsaidii chochote. Liko mbali mno kumwamsha.

Kuna sababu. Mwaka 1932 Clark Hull, aliyekuwa akichunguza panya katika njia nyembamba iliyoishia kwenye chakula, aliandika kwamba panya huongeza kasi kadiri anavyokikaribia chakula. Binadamu nao ni hivyohivyo. Mwanzoni mwa safari ndefu na katikati yake ndiko watu wengi huachia, kwa sababu kila hatua huonekana haijapunguza kitu.

Dawa yake ni kuukata umbali. Mwaka 1981 Albert Bandura na Dale Schunk walichukua watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa, wakawapa kitabu cha mazoezi chenye kurasa 42. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa 6 kila kipindi. Kundi jingine liliambiwa lilenge kumaliza kurasa zote 42 ifikapo mwisho wa kipindi cha saba. Fanya hesabu mwenyewe: kazi ni ileile. Hata hivyo watoto wa kurasa sita sita walijifunza zaidi, walijiamini zaidi, na walianza kuyapenda mazoezi ambayo zamani walikuwa wakiyakimbia. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia mimi. Tumezoea kuamini kwamba motisha hutangulia, kisha kazi hufuata, na kwa hiyo tunakaa tukingoja hamu ije. Kwa wale watoto kazi ndogo iliyokamilika ndiyo iliyozaa hamu.

Kwa dereva wetu, shilingi 100 kila siku anayotoka kazini zinaweza kuonekana mzaha. Kwa siku 365 ni shilingi 36,500. Hazinunui tuktuk. Zinaweza kuwa mwanzo wa akiba ya kumwezesha kuomba mkopo kwenye Sakko, na, muhimu zaidi kwa mada yetu, zinampa kitu cha kukamilisha leo, siku ya mvua. Achore visanduku thelathini nyuma ya daftari, kila siku ajaze kimoja.

Na ajaze viwili kabla hajaanza. Nasema hivyo kwa sababu ya utafiti mmoja wa mwaka 2006 uliofanywa na Joseph Nunes na Xavier Drèze mahali pa kuoshea magari. Wateja 300 walipewa kadi. Ukioshewa mara kadhaa unapata moja ya bure. Nusu walipata kadi ya mihuri 8, tupu. Nusu walipata kadi ya mihuri 10, miwili tayari imepigwa. Wote walibakiwa na mara nane. Walioanza na kadi tupu, asilimia 19 walimaliza. Waliokuta mihuri miwili, asilimia 34. Kwenye orodha yako basi, usianze na mambo ambayo hujafanya pekee. Andika na ulivyokwisha kuvimaliza: cheti cha udereva ulichokipata, deni ulilolilipa, mdogo wako uliyemlipia karo. Wengi huona hilo ni kujisifu. Ni kumbukumbu ya mihuri iliyokwisha kupigwa, na siku ngumu utaihitaji.

Kuogelea Pirates

Tuchukue kipengele kimoja tukifanyie kazi mpaka mwisho. Nachagua "kujua kuogelea", ambacho nimekisikia kwa watu wazima wengi wa hapa. Mgeni hushangaa: mji ni kisiwa, Likoni tunavuka kwa feri, samaki ndiyo kitoweo, na bado mtu ana miaka thelathini na mitano hajui kuelea.

Ukikiandika hivyo kilivyo, hakuna siku itakayokuja kukwambia leo ndiyo leo. Ukiandika "nitajifunza kila Jumapili saa moja asubuhi, ufukwe wa Pirates", umesogea, ila bahari haina habari na saa yako. Maji hujaa na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa juma moja huo ni mchelewo wa karibu saa sita. Maana yake Jumapili hii saa moja utakuta maji kifuani, na Jumapili ijayo saa ileile utakuta mchanga, mwani na watoto wakifukuza kaa. Utarudi nyumbani umekasirika, na Jumapili ya tatu hutakwenda. Kisha utajilaumu kwamba huna nidhamu, na ilhali kilichokuangusha ni mpango uliopuuza kujaa na kupwa kwa maji.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ana njia rahisi ya kulitatua hili, ambayo aliieleza kwa upana mwaka 1999. Badala ya kuandika nia peke yake, unaifunga nia na tukio: ikiwa jambo hili litatokea, basi nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 ya mipango ya namna hiyo na wakakuta inasaidia kwa kiwango kinachoonekana wazi. Siri yake ni kwamba uamuzi unafanywa mapema, ukiwa umetulia, kwa hiyo wakati ukifika hujadiliani tena na uvivu wako.

Basi ukurasa wa kuogelea usomeke hivi: "Jumamosi nikitoka kuswali Isha, nitaangalia ratiba ya maji. Ikiwa asubuhi yanajaa, nitakuwa Pirates mapema na binamu anayejua kuogelea, tusipite kina cha kifua. Ikiwa asubuhi yanatoka, nitakwenda mchana yakirudi. Ikiwa binamu ana dharura, siingii peke yangu. Nitakodi mpira wa tairi na kufanya mazoezi ya miguu pale wanapooga watu." Unaona ilivyo ndefu? Kipengele kimoja kimekula nusu ukurasa. Ndiyo maana orodha ya malengo mia moja yaliyoandikwa mstari mmoja mmoja hunipa mashaka. Mia yaweza kukaa kwenye orodha. Yanayofanyiwa mpango kama huu kwa wakati mmoja yasizidi mawili au matatu.

Yanayosemwa na yalivyo

Tuanze na lile la Harvard, maana halikosi kwenye sauti za WhatsApp. Linasimuliwa hivi: chuo kikuu cha Yale mwaka 1953, au Harvard mwaka 1979 kutegemea anayesimulia, wahitimu asilimia 3 walikuwa wameandika malengo, miaka ikapita, wakatafutwa, na hao asilimia 3 wakakutwa na mali kuliko asilimia 97 wote kwa pamoja. Utafiti huo haupo. Mwaka 1996 jarida la Fast Company liliufuatilia kwa wasimulizi wake wakubwa, kila mmoja akamtaja mwenziwe, na Yale wenyewe hawana kumbukumbu yoyote ya jambo hilo. Ajabu ni kwamba tafiti za kweli juu ya malengo zipo tele, lakini haziahidi utajiri, kwa hiyo hazisambazwi.

Kisha kuna siku 21. Eti fanya jambo siku 21 mfululizo, litakuwa tabia. Chanzo ni daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya. Kuizoea pua yako kwenye kioo ni jambo moja. Kuamka alfajiri kukimbia ni jingine. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 na kuchapisha matokeo mwaka 2010: tabia ilichukua kati ya siku 18 na 254, na katikati yake ni siku 66. Walikuta pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Hilo lingefaa litangazwe zaidi kuliko namba yenyewe, kwa sababu wengi huvunjika moyo siku ya kwanza wanaporuka.

La tatu nitalikalia kidogo: kwamba ukiiona ndoto yako waziwazi akilini, na picha ukaibandika ukutani, itakuja. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani, amelichunguza hili kwa miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden waliandika juu ya wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Walioamini kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini waliojichorea picha tamu za jinsi watakavyoonekana na kusifiwa walipungua kidogo kuliko wenzao. Kuamini na kuota mchana ni vitu viwili. Anayeota amekwisha kula utamu wa kufika, mwili umetulia, haraka ya nini tena?

Anachopendekeza Oettingen ni kuiweka ndoto kando ya kikwazo, hasa kikwazo kilichomo ndani yako au kwenye desturi zako. Hapa Pwani tukisema kweli, ploti hailiwi na uvivu. Inaliwa na michango. Mwezi huu harusi ya mtoto wa shangazi, mwezi ujao matanga, baada yake mgonjwa kapelekwa India, na kila kundi linakuongeza bila kukuuliza. Wala sisemi watu waache kuchanga. Siku yako nayo itafika. Ninachosema ni kwamba orodha inayotaja ploti bila kutaja michango imeficha nusu ya hesabu. Andika vyote viwili, kisha funga kwa "ikiwa": "Mwanzo wa mwezi natenga fungu la michango. Nikiongezwa kwenye kundi, natoa kutoka fungu hilo. Likiisha, nasema limeisha, na mwezi ujao tena." Kusema limeisha kwa shangazi ni vigumu kuliko kuvuka Likoni kwa kuogelea, najua. Ndiyo maana sentensi yenyewe iandikwe kabisa, neno kwa neno, usije ukaitafuta ukiwa kwenye simu naye.

Na kuhusu kumpangia Mungu: Waislamu wanaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya yule aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia na kutegemea, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Makanisani husomwa Habakuki sura ya pili, panapoagizwa njozi iandikwe kwenye vibao. Wazee wanaokemea orodha, ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi wanakemea kiburi cha anayeisoma kama mkataba aliosainiwa. Hapo wana haki.

Kumwambia nani?

Hapa Mombasa swali hili lina uzito wake, kwa sababu ya kijicho. Bibi zetu walitufundisha jambo lisilotimia lisitangazwe. Vijana wanasema kinyume: tangaza, ili uone haya kuacha.

Gollwitzer aliligusa na hili. Katika majaribio aliyoyachapisha na wenzake mwaka 2009, wanafunzi wa sheria waliotaka sana kuwa wanasheria waliandika nia zao za kusoma kwa bidii. Wale ambao nia yao ilisomwa na kutambuliwa na mtafiti walifanya kazi kwa muda mfupi kuliko wale ambao nia yao haikutazamwa na mtu. Kutambuliwa tu kuliwafanya wajihisi wamekwisha kuwa wanasheria. Ukiweka status "nimeanza safari ya kuwa mwandishi" ukapata mioyo mekundu themanini, umeshalipwa ujira wa kitabu ambacho hujakiandika.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi. Mwaka 2016 Benjamin Harkin na wenzake walijumlisha tafiti 138 kuhusu watu wanaofuatilia maendeleo yao. Kufuatilia kulisaidia kufikia lengo, na kulisaidia zaidi pale maendeleo yalipoandikwa mahali au kuripotiwa mbele ya watu. Tofauti iko kwenye kinachosemwa. Kutangaza nia hukupa sifa kabla ya kazi. Kuripoti kilichofanyika huleta swali la wiki ijayo. Chama cha akina mama kinalijua hili siku zote: hakuna anayepigiwa makofi kwa kusema anakusudia kuleta pesa, zinahesabiwa mezani, jina linawekwa alama. Kwa hiyo mchague mtu mmoja au wawili, mwambie kidogo juu ya unakokwenda na zaidi juu ya ulichofanya tangu mlipoonana mara ya mwisho. Bibi atakuwa radhi, na utafiti pia.

Kufuta

Mara nyingi katika mada hii hutajwa John Goddard, kijana wa Los Angeles ambaye mwaka 1940, akiwa na miaka 15, aliandika malengo 127 ya maisha. Alitimiza zaidi ya mia, yakiwemo kupanda mlima Kilimanjaro na safari ya mto Nile kwa mtumbwi mwaka 1950 hadi 1951. Alifariki mwaka 2013. Husimuliwa kwa ajili ya hayo makubwa. Mimi hunipendeza kwamba kwenye orodha ileile, pamoja na Nile, kulikuwa na kujifunza kupiga taipu maneno hamsini kwa dakika. Na kwamba mengine, kama kupanda Everest na kwenda mwezini, hayakutimia na hakuna aliyemwita mshindwa. Tukumbuke pia kwamba tunamjua kwa sababu alifanikiwa. Walioandika 127 wakatimiza matatu hawaandikwi magazetini.

Mwenye duka mwenye akili ana ukurasa wa madeni yasiyolipika. Mteja kahama, simu haishiki, mia tano imekwenda. Anapiga mstari ili macho yake yaende kwa wanaoweza kulipa. Carsten Wrosch na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watu wanaoweza kuachana na lengo lisilofikika, na kushika jingine, huwa na utulivu zaidi wa nafsi kuliko wanaoendelea kuling'ang'ania. Ugumu ni kujua lipi halifikiki na lipi ni gumu tu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: umelifungua lengo hilo mara tatu kwa vipindi tofauti, kila mara ukashindwa kuandika hata hatua moja ya wiki ijayo? Aidha halikuwa lako tangu mwanzo, uliliandika kwa sababu wenzako waliliandika, au muda wake umepita. Lipigie mstari mmoja, lisomeke bado, na pembeni uandike tarehe na sababu.

Sasa lini ufungue? Mwaka 2014 Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha kwamba watu huelekea zaidi kwenye mazoezi na mabadiliko mwanzoni mwa juma, mwezi na mwaka, na baada ya siku yao ya kuzaliwa. Sisi tumejaliwa mianzo kuliko wengi: Januari, Muharram, baada ya Idi, shule zikifunguliwa. Zitumie hizo kwa ukaguzi mkubwa, wa kufuta na kuongeza. Kila mwisho wa wiki iwe dakika kumi tu, za kujaza visanduku na kuandika "ikiwa" ya wiki inayofuata.

Na kama ni daftari au simu, chagua kile unachokifungua kweli. Daftari lina faida ya kutokuletea ujumbe wa kundi la harusi katikati ya kusoma. Ukilitumia, upige picha kurasa zake kila ukaguzi mkubwa umtumie yule uliyemchagua, maana madaftari ya hapa yana maadui wawili, unyevu wa bahari na watoto wanaotafuta karatasi ya kuchora.